Mbolezi Isiyo na Maiti

Kibodi ya Nai Togar ilikuwa nyeupe yote isipokuwa kitufe kimoja, kile kirefu cha chini kinachoiamuru programu ipige wimbo ulioandikwa. Hicho kilikuwa na rangi ya mchuzi uliolala. Sisingizii mtu. Mteja wetu Guru Binsar hula nguruwe aliyepikwa kwa damu yake mwenyewe, hula kwa vidole pale kwenye kilabu cha tembo, kisha huvuka barabara akiwa na vidole hivyohivyo kuja kusikiliza wimbo wake wa kanisa. Ukitaka kujua juzi alikula nini, nusa kitufe.

Kibanda chetu kipo mbele ya soko la Balige, upande unaotazama ziwa. Mimi niliweka fotokopi yangu mlangoni, Nai Togar akaweka kompyuta na printa ndani. Ni mke wa baba yangu mdogo, kwa hiyo namwita mama mdogo. Mimi nilisoma muziki chuoni Medan mihula mitatu. Chuo kikanichoka, nami nikawa nimeshakichoka. Yeye alifundisha shule ya msingi hadi shule ilipofungwa kwa kukosa watoto, ndipo akaanza kazi ya kuandika nota kwa kompyuta na kuzichapisha. Kazi ipo, tena tele. Kando ya ziwa hili kila kanisa lina kwaya ya kina mama, kwaya ya kina baba, kwaya ya vijana, kwaya ya wajane, na kwaya mbili zilizokuwa moja zikagombana kwa sababu ya mwimbaji mmoja wa tena.

Mtu asikudanganye kwamba kazi hiyo ni safi kwa kuwa inafanyika kwa kompyuta. Watu hawaleti nota, wanaleta miguno. Mzee mzima anakuwekea simu mezani, ndani yake amejirekodi akiguna chooni kwa kuwa huko sauti inavuma vizuri, na maji yakamwagwa katikati ya kiitikio. Mwingine analeta karatasi iliyofungiwa samaki. Mama mdogo anasikiliza, anaandika. Halafu programu yenyewe imetengenezwa kwa ajili ya watu wanaoandika nota juu ya mistari mitano, na sisi huku tunaimba kwa tarakimu, moja ni do, mbili ni re. Basi anaandika nota kwanza, anaificha ile mistari, kisha anazipanga tarakimu chini yake kana kwamba ni maneno ya wimbo. Ukichungulia utadhani anamtolea mtu mba kichwani.

Katika wateja wote, Guru Binsar ndiye aliyenitia kichefuchefu kuliko wote, na ninasema hivi nikijua kwamba ni mume wa shangazi yangu, amangboru kwa lugha yetu. Ni mwalimu wa kwaya tatu. Tangu ajue kwamba mashine inaweza kunakili ukurasa na kuubandika, hajatunga tena ubeti wa pili. Anaandika ubeti mmoja, anasema ubandikwe mara mbili zaidi, na kila ukibandikwa upandishwe nusu sauti ili watu walie. Juu ya karatasi jina lake liandikwe kubwa. Jina la Mungu liko ndani ya wimbo, dogo, kwenye alto.

Sasa sikiliza jinsi yeye na mama mdogo walivyofanya kazi pamoja. Guru Binsar amemwoa dada wa mume wa mama mdogo. Kwenu huko mtu na mke wa shemeji yake hutaniana wakagongana mabega. Kwetu hawatazamani usoni, hawazungumzi ana kwa ana, hawaachwi wawili ndani ya nyumba, na hakuna anayeketi mahali alipoketi mwenzake, hata kama ni benchi la kanisani. Wakiwa na neno, hupitisha kwa mtu wa tatu, mwanamke akiitwa inang, mwanamume amang, yaani mama na baba kwa heshima. Asipokuwepo mtu, hupitisha kwa nguzo. Pale kibandani mtu wa tatu nilikuwa mimi, na nikiwa na wateja, mtu wa tatu alikuwa printa.

"Printa," Guru Binsar alisema siku moja, amesimama mlangoni, amegeuza mgongo nusu, macho barabarani. "Mwambie inang wangu humo ndani kwamba ubeti wa tatu upande nusu sauti."

"Printa," mama mdogo akajibu bila kugeuza shingo, "mwambie amang kwamba wa pili ulishapanda. Wa tatu ukipanda, soprano watapasuka mishipa."

"Printa, mwambie mbona mashine imeimba bila shida."

"Printa, mwambie mashine haina mapafu wala haijazaa watoto saba."

Nikacheka. Guru akanigeukia mimi, maana mimi alikuwa na ruhusa ya kunitukana. "Unacheka nini, wewe nusu diploma?"

"Nacheka printa, amangboru. Haijawahi kupata kazi nyingi hivi, na wino wenyewe haina."

Akajichokonoa jino, akakitazama alichokitoa, akakirudisha. Ubeti wa tatu ulipanda.

Mama mdogo alivumilia kwa kuwa alikuwa na kazi yake mwenyewe ndani ya mashine ile, na kazi hiyo ilikuwa na haraka kuliko tamasha lolote. Mama yake mzazi, Ompu Ganda, alikuwa mtu wa mwisho upande wetu huu wa ziwa aliyejua kuomboleza kama zamani: unasimama kichwani pa jeneza, peke yako, unamsemesha marehemu kwa sauti inayoshuka kama mtu anayeteremka kisimani. Katika nyumba yao mama huombolezwa na binti yake, kwa sauti ileile ambayo mama naye alimwombolezea mama yake. Na sasa kulikuwa na kitu kinaota kooni mwa Ompu Ganda. Daktari wa Siantar alisema sauti itatangulia, mwenye sauti atafuata.

"Mimi ni alto wa kwaya," mama mdogo aliniambia akifuta skrini. "Tangu utoto naimba jicho likiwa kwenye karatasi. Ukininyang'anya karatasi, mimi ni kisiki. Nisipoiandika hii akiwa hai, siku hiyo nitasimama pale jenezani niimbe nini, Sahala? Ubeti wa tatu wa amangboru wako?"

"Si umwombe akuimbie polepole nyumbani?"

Akanitazama kama mtu niliyemtemea chakulani. Nilistahili. Mbolezi haiimbwi penye watu wazima wa afya. Ukiiimba pasipo na maiti umeagiza maiti. Kwa hiyo akawa anamfuata mama yake kwenye misiba ya watu na simu mkononi, anavizia. Msiba wa kwanza akapata mwanzo, wa pili akapata katikati. Nimezisikia rekodi hizo na bado zinanirudia nikiwa mezani. Ompu Ganda analia juu ya maiti kwa maneno ya kukata ini, na nyuma yake watu wanatafuna. Mifupa inavunjwa. Mahali sauti iliposhuka chini kabisa, mahali penyewe pa roho kutoka, mwanamume mmoja alibeua beuo refu mpaka likameza nota tatu. Mama mdogo akalazimika kungoja mtu mwingine afe.

Programu nayo ilikuwa haitaki. Yenyewe inapenda vyumba: mapigo manne, ukuta, mapigo manne, ukuta. Pumzi ya Ompu Ganda haina vyumba. Inakwenda hadi inapoishia, mara nyingine mbali, mara nyingine anakohoa njiani. Mama mdogo akiandika, programu inajaza alama za kimya mwisho wa kila chumba, kama mwenye nyumba anayelazimisha kila kitanda kiwe na mtu. Alizifuta moja moja. Akabomoa kuta. Wiki nzima alikuwa anabomoa, na hatimaye wimbo ukatandazika kwenye skrini bila ukuta hata mmoja, tangu mwanzo hadi pumzi ya mwisho. Akauwekea sauti ya filimbi. Hakuupiga hata mara moja. Aliukagua kwa macho, midomo imefungwa.

Ikaja siku ya soko. Mama mdogo alitoka kwenda kula, akaiacha mbolezi imefunguliwa kwenye skrini. Guru Binsar akaingia kutoka kilabuni, mdomo unang'aa mafuta, ananuka tembo na kitunguu. Desturi yake ilikuwa hiyo: mwenye kiti akitoka, yeye huja kusikiliza wimbo wake. Haketi kamwe. Husimama nyuma ya kiti, akanyoosha mkono. Hiyo ndiyo adabu pekee niliyowahi kumwona nayo. Kisha hupandisha sauti ya spika yangu kubwa ya nje, ile ya kuitia wateja, ili soko zima lijue kwamba ametunga.

Mimi nilikuwa nimeinama nachomoa karatasi iliyokwama kwenye fotokopi. Nikasikia kitufe kimebonyezwa.

Filimbi ikaanza kuomboleza juu ya soko la Balige. Haikuwa na maneno, lakini nani kwetu hajui mteremko ule? Mnadi wa vitunguu akanyamaza. Nikatazama nje nikaona wanawake wanavuta kanga zao kutoka kiunoni kuzipandisha begani, kama wanavyofanya mtu akifa, mkono ukijua kazi kabla ya kichwa. Wa kwanza kufika alikuwa Nai Lambok, muuza samaki, magamba yamemganda mpaka kwenye viwiko, tayari anafuta machozi kwa mkono uleule, kwa hiyo machozi yakawa na magamba. Nyuma yake watu wakaja na mchele wa rambirambi vichwani. Shangazi yangu mwenyewe, mke wa Guru, alikuja na beseni. Mama mmoja alianza kumlilia mumewe aliyekufa zamani, maana kilio ni kama miayo. Mbele ya fotokopi yangu pakanuka samaki, jasho na kamasi.

"Ni nani?" Nai Lambok akaniuliza.

"Hakuna mtu, inang. Ni mashine."

"Mashine imekufa?"

Kabla sijajibu, mama mdogo akatokea akila ndizi ya kukaanga. Akaona kanga mabegani. Akaona mchele. "Amekufa nani?"

"Tunakuuliza wewe," Nai Lambok akasema. "Ni mama yako?"

Wakati huohuo filimbi ikafika pale penye mteremko mkubwa, na mama mdogo akaitambua sauti ya mama yake. Ndizi ikamwanguka. Sijawahi kuona uso ukikauka hivyo. Ulikuwa kama tambi zilizosahaulika sahanini. Akapiga simu, akakosea, akapiga tena. Spika nikaizima. Tukasikia wote upande wa pili wa simu, kohozi kwanza, kisha Ompu Ganda, sauti kama msasa: "Nakula. Unataka nini?"

Mama mdogo akaingia ndani, akaketi kwenye kiti chake, akafunika macho kwa viganja. Watu wakabaki mlangoni, hawajui wachukue mchele wao au wauache.

Sasa mtu mwenye damu ya mtu angeomba radhi. Guru Binsar alikuwa anatabasamu. Aliwatazama wale kina mama wenye macho mekundu kama mkulima anavyotazama mpunga.

"Sahala," akasema, "mwambie inang wangu kwamba nimeona. Mmeona wenyewe jinsi walivyolia? Tamasha la mwaka huu linataka wimbo wenye asili ya mababu. Huu hapa. Umekosa mpangilio tu. Atie vyumba vya mapigo manne, soprano wachukue filimbi, besi waseme mm. Mwisho upande nusu sauti."

Kuna maneno ambayo hata mtu wa kati anaona kinyaa kuyabeba. "Mama mdogo, umesikia," nikasema.

"Mwambie ni ya mazishi ya mama yangu."

"Mwambie jina la mama yake nitaliandika chini. Dogo."

"Mwambie hapana."

"Mwambie hiyo ni kazi ya dakika mbili."

Mama mdogo akainuka akatoka mlangoni kuwaambia wale kina mama kwamba hakuna aliyekufa, awarudishie mchele, awasihi wasilichukulie kama ishara. Alikuwa amewashika mikono wawili watatu, anawaeleza, mgongo kwetu. Nami nikawa natazama huko.

Niliposikia kiti kimelia nilidhani ni yeye amerudi. Haikuwa yeye. Guru Binsar alikuwa ameketi. Ameketi kabisa, magoti chini ya meza, ulimi umetoka kidogo pembeni, anabonyeza. Kwenye skrini kuta zilikuwa zinasimama moja baada ya nyingine, ta, ta, ta, juu ya pumzi ya Ompu Ganda, na kila mwisho wa chumba alama za kimya zikiingia kama mende.

Nai Lambok ndiye aliyesema, kwa sauti ya mtu aliyeona kitu ndani ya supu: "Kiti hicho bado kina joto la mwili wake."

Mama mmoja akageuka akatema mate. Mwingine akafunika pua kwa kanga, na harufu haikuwa ya samaki. Mama mdogo akageuka, akaona, akarudi nyuma hatua kadhaa mpaka akagonga beseni la shangazi. Shangazi akashusha beseni lake chini taratibu.

"Binsar," akasema.

Ndugu, mwanamume wa umri ule kwetu haitwi kwa jina lake. Anaitwa baba fulani, babu fulani. Mkewe hajamwita hivyo tangu aolewe.

"Binsar. Inuka kwenye kiti cha mke wa kaka yangu."

"Nilikuwa natia vyumba tu," Guru akasema.

"Inuka."

Akainuka. Ilikuwa mchana, kiti ni cha plastiki laini, na suruali yake ilikuwa imelowa jasho na sijui nini kingine. Kiti kikainuka naye. Kilimganda matakoni kikapanda hadi usawa wa meza, kisha kikaachia kwa sauti ambayo kwa heshima ya shangazi yangu sitaiandika. Akapita katikati ya wanawake, nao wakampa nafasi pana kuliko anayopewa mtu mwenye upele. Hakuna aliyetaka kanga yake iguswe.

Mama mdogo akaomba mafuta ya taa. Akapangusa kibodi, akapangusa meza, akapangusa kile kitufe mpaka kikarudi kuwa cheupe, na mimi nikajua kwa mara ya kwanza kwamba kilikuwa na maandishi. Kisha, amesimama, akaanza kubonyeza kitufe cha kurudisha nyuma. Kuta zikaanguka moja moja. Programu ile ina jambo moja ambalo ukoo wetu hauna: ukikosea inakuruhusu urudi ulikotoka.

Sisi hatuna kitufe hicho, kwa hiyo ikabidi nguruwe. Kilio kimelia bila maiti, na mtu ameketi penye kiti cha inang wake. Wazee wakasema yote mawili yataoshwa siku moja, na mwenye kuosha ni Guru Binsar. Akamleta nguruwe kwa baba yangu mdogo, akampa kipande cha heshima kwa mikono miwili, macho chini. Mikono ilikuwa na mafuta kama kawaida. Nilikula, usiniulize nilikulaje. Kibandani hakurudi tena, na nyimbo za kwaya zake akawa anampelekea mwandika nota wa Porsea, ambaye nasikia sasa ndiye anayenunua mafuta ya taa. Kiti tulikitupa. Mama mdogo aliandika nota kwa kusimama mpaka miguu ikamvimba, ndipo baba mdogo akamchongea kingine cha mbao.

Mbolezi ilichapishwa. Alimpelekea mama yake karatasi nne, mistari imefichuliwa safari hii, bila kuta. Ompu Ganda alizishika kichwa chini, akazitazama mbali, akazitazama karibu. Sauti ilikuwa imebaki ya kunong'ona.

"Hawa inzi wote ndio mimi?"

"Ndio wewe, mama."

"Wengi," akasema, akazirudisha akafuta mkono kwenye nguo.

Alikufa mvua zilipoanza. Msiba ulikuwa mkubwa kama inavyompasa mtu aliyeacha vitukuu, watu wakala, wakabeua, wakacheza karata. Kwaya ya Guru Binsar ikaimba beti tatu, kila mmoja juu ya mwenzake, na wa tatu soprano mmoja akatoa sauti ya paka aliyekanyagwa. Yeye mwenyewe aliongoza kutoka uani, nyuma ya migomba, asimtazame mtu wa ndani.

Kisha mama mdogo akaenda kusimama kichwani pa jeneza akiwa na zile karatasi nne. Mimi nilikuwa karibu, amenishikisha tatu za nyuma nimgeuzie kurasa. Nilimwona akitafuta mstari wa kwanza. Maiti ilikuwa ya siku ya tatu, na kwenye joto lile inzi walikuwa wamekwisha kumjua. Walikuwa wanatua midomoni mwa Ompu Ganda. Mama mdogo akawafukuza kwa ile karatasi ya kwanza. Wakarudi. Akapunga tena, akaanza kuimba, sauti ikashuka kule inakoshuka, ikapita mahali pa beuo, ikapita mahali pa kikohozi, na kikohozi akakiimba vilevile. Zile nyingine tatu zilibaki mkononi mwangu. Hakunipa ishara hata moja ya kugeuza. Aliendelea kupunga ile moja juu ya uso wa mama yake hadi pumzi ilipoishia.